Nilivyoifuata Filamu ya Yaya Mapendo

Nilitoka Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, kwa ajili ya Mapendo, yaya wangu, maana yake dada yangu mkubwa. Kesho yake asubuhi gari lingemchukua aanze safari ya Kanada, nami sikuwa na picha yake hata moja. Zilikuwa kwenye simu, simu ikatumbukia chooni. Ya nani, tuyaache. Nikasema huyu nitampiga kwa apareyi ya baba, ile kamera ya filamu nyeusi na nyeupe. Filamu ndiyo sikuwa nayo.

Rwekubo, senta ya karibu, nilipata gari la Mbarara mapema. Ya njiani siyajui, nililala.

Mbarara mjini, kila duka la picha walinicheka. "Mzee, hiyo kitu iliisha!" Mmoja tu akanielekeza Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, kwa mama aliyekuwa na studio zamani. Goti likakataa, nikaenda nalo hivyo hivyo.

Nyamitanga, mama huyo alifungua friji. Filamu ilikaa nyuma ya maziwa.

"Hii imezeeka, sebo. Piga na jua mingi, labda itakubali."

Akachungulia apareyi yangu. Kwa kawaida kwenye kidirisha chake unaona sura mbili za mtu yule yule, unazungusha lenzi mpaka ziungane, ndipo picha inatoka kali. Zangu haziungani tangu apareyi ilipoanguka tukikimbia kwetu Fizi.

"Banange! Sasa unapimaje umbali?"

Nikatoa kamba yenye mafundo, kila fundo mita. Mtu anashika ncha puani, mimi nahesabu mafundo, naweka lenzi kwenye mita hizo.

"Mzee, unafunga watu kama mbuzi!" Akacheka mpaka akashika mlango, akaniongezea na dawa ya kuoshea filamu.

Nakivale, asubuhi yake, gari linanguruma na mawingu yamefunika fasi yote. Yaya ameshika kamba puani, watu wanacheka.

"Yaya, ngoja jua."

"Jua ndilo linanipeleka Kanada? Piga, wewe mzee usiyekua!"

Dereva akapiga honi. Nikamshika yaya mkono, nikamrudisha mwisho wa kamba, yeye ananigombeza. Jua likachungulia kidogo, nikabonyeza. Akapanda, akaenda.

Niliosha filamu gizani, chini ya mablanketi. Ilipokauka nikaiinua mlangoni kwenye mwanga: yaya, kinywa wazi, meno meusi, maana filamu hugeuza rangi. Ananigombeza.

Mimi nilitaka sura iliyotulia, ya kutundika ukutani. Lakini yaya hajatulia tangu azaliwe. Ningeipata hiyo, ningekuwa nimetundika mtu mwingine.