Sukari Ishuke Kwanza

Niliripoti kazini Kibondo nikiwa na koti jeupe lililopigwa pasi Dar es Salaam, likafika lina rangi ya barabara. Ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi kutoka Burundi wanaingia kwa maelfu na malori ya misaada yamechimba mashimo njia nzima. Mimi ni mtu wa Tanga. Kiha, lugha ya huko, nilijua neno moja, "mwakeye", salamu ya asubuhi, na nililitumia hata jioni, watu wakaniitikia kwa huruma.

Mganga Mfawidhi, yaani daktari msimamizi wa hospitali, alinipokea ofisini bila kusimama. Hospitali yenyewe siitaji, waliokuwepo wanaijua.

"Huku hatuna mashine, daktari," akasema. "Tuna nidhamu."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Kuhusu mashine alisema kweli. Ninyi madaktari vijana mnatoboa kidole, mnasubiri kidogo, namba inatokea. Sisi tulichemsha mkojo pamoja na maji ya dawa ya buluu. Ukibaki buluu, hamna sukari. Ukigeuka kijani, ipo kidogo. Ukiwa mwekundu kama tofali, hali ni mbaya. Insulini ilikaa kwenye jokofu la mafuta ya taa, na mafuta yakiisha tuliihamishia kwenye mtungi wa maji. Mashine ya kuangalia ndani ya tumbo tuliisoma chuoni, kama watu wanavyosoma habari za theluji.

Ndipo alipolazwa Mama Yustina, mkulima wa maharage kutoka Kitahana. Sukari yake tulikuwa tukiijua, na sindano zake alizichoma bila kukosa. Safari hii alikuja na homa na kichefuchefu, na mkojo wake ukatoka rangi ya tofali. Tukaongeza insulini, ikabaki tofali. Tukaongeza tena, tofali vilevile.

Mganga Mfawidhi alipopita wodini akasimama miguuni pa kitanda chake na kumwambia kwamba anakula kwa siri.

"Sijala, bwana mganga," akasema Mama Yustina.

"Sukari haidondoki kutoka darini, mama. Mnaletewa ndizi, mnaletewa pombe ya ndizi, halafu mnatuambia dawa haifanyi kazi."

Wodi ikacheka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwomba awagawie na wao hicho anachokificha. Amri ikatolewa papo hapo: binti yake, Godeliva, aliyekuwa akimpikia kwenye kibanda cha wauguzaji, asikanyage tena wodini; mgonjwa apewe uji wa hospitali usio na sukari, tena kidogo; na shuka lake likung'utwe kila asubuhi. Sista mkuu wa wodi alilikung'uta mbele ya wote, mama huyo wa makamo amesimama pembeni, ameshika kanga yake kifuani. Halikudondosha hata punje ya harage. Hilo halikumfikirisha mtu. Walisema amejifunza kuficha vizuri.

Mimi elimu yangu ilikuwa ya kifahari. Kwenye kitabu changu ugonjwa wa mfuko wa nyongo ulikuwa na sura yake na kisukari sura yake, na maprofesa waliozifundisha hawakuwa wakisalimiana. Nilidhani hata mwilini hao wawili wanaishi mitaa tofauti. Lakini mgonjwa asiyekula, huku sukari yake inapanda, alinikera kama hesabu isiyokubali. Nikaanza kumpapasa tumbo, jambo ambalo kwa siku zote za nidhamu hakuna aliyelifanya.

Nilibonyeza chini ya mbavu za kulia. Nikamuuliza kama panauma.

"Kidogo," akasema.

Kidogo hicho kimewaponza wanawake wengi wa Buha, nchi ya Waha, mikononi mwa madaktari wa kuja kama mimi. Kule mtu mzima hapigi kelele mbele ya wageni. Na kisukari cha miaka mingi hufifisha mishipa ya fahamu, hata maumivu makali yakafika kichwani yamechoka. Nikamwambia avute pumzi ndefu, kidole changu kikiwa palepale. Pumzi ikakatika katikati. Hiyo ndiyo dalili tuliyofundishwa: mfuko wa nyongo uliovimba ukishuka na kugusa kidole, mgonjwa hawezi kuendelea kuvuta hewa.

Niwaeleze wawili hawa wanavyojuana. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mfuko wa nyongo huweza kulegea, nyongo ikatuama, na vijiwe vikapata nafasi ya kujijenga. Kijiwe kikiziba njia, mfuko huvimba na kuingia usaha. Nao mwili unaopambana na usaha hutoa homoni zinazoizuia insulini kufanya kazi na kuliamuru ini limwage sukari kwenye damu. Kwa hiyo mtu anaweza kulala na njaa akaamka na mkojo wa rangi ya tofali. Yule mama alikuwa akichomwa na usaha, nasi tunamkagua shuka.

Mganga Mfawidhi aliniruhusu kumpeleka Kasulu. Nadhani alitaka tupungue wodini wote wawili. Kule kulikuwa na hospitali yenye daktari bingwa wa upasuaji. Gari lilirukaruka njia nzima na Mama Yustina hakutoa sauti, ila alimshika Godeliva mkono mpaka vidole vya binti vikawa vyeupe.

Bingwa alitusikiliza akiwa mlangoni. Akasema mwenye sukari kama ile hapasuliwi, kidonda hakitafunga. Turudi Kibondo, sukari ishuke kwanza. Nikamweleza kuwa haitashuka mpaka mfuko wa nyongo utoke. Akaniuliza nimehitimu lini. Nikamjibu, na jibu halikunisaidia.

Mama Yustina, aliyekuwa amelala kwenye machela kati yetu, akafungua macho.

"Bwana daktari," akasema taratibu. "Chakula wameninyima. Binti yangu wamemfukuza. Na sukari inapanda. Basi anayekula ni nani?"

Bingwa akaondoka mlangoni, akasogea kwenye machela. Kisha akainama, akaweka mkono chini ya mbavu zake, akamwambia avute pumzi. Aliponyanyuka, alimwita mtu wa nusukaputi.

Mfuko ulitoka mweusi, umejaa vijiwe na usaha, ungepasuka wakati wowote. Siku zilizofuata mkojo ulitoka tofali ukaja kijani, kisha buluu, kwa dozi yake ileile ya nyumbani, na kidonda kikafunga.

Aliporudi kwetu Kibondo kutolewa nyuzi, alikuwa na ombi moja. Hakutaka fidia wala pole. "Nataka bwana mganga aseme kwamba sikula, palepale aliponisemea," akaniambia. Nikalipeleka ombi ofisini.

"Mganga haombi radhi kwa sababu ya mkojo," akanijibu Mfawidhi.

Asubuhi iliyofuata, tulipopita wodini, nilisimama miguuni pa kitanda kilekile na kutangaza kwamba Mama Yustina hakula chochote, ugonjwa ndio uliopandisha sukari, na sisi ndio tuliokosea. Hakuna aliyecheka. Mama Yustina akaitikia kwa kichwa, akakusanya vitu vyake, akaondoka na binti yake. Mwezi haukuisha, nikahamishiwa zahanati ya Manyovu, mpakani, kwa kile kilichoitwa mahitaji ya kazi. Baadaye nilihamishiwa Kasulu, nikapelekwa mikoa mingine, nikawa mfawidhi mimi mwenyewe, nikanenepa.

Nimestaafu kwa hiari, na kisukari kimenistaafisha kwenye chai tamu pia. Juzi nilikuwa kwenye benchi la kliniki nikamsikia daktari kijana, mashine nzuri ya sukari mezani, namba iko juu, akimgombeza bibi mmoja mwenye homa: "Bibi, umekula nini?" Bibi akasema hajala tangu jana. Kijana akatabasamu, tabasamu lile ninalolijua. Nikainuka kusema. Akaniambia kwa adabu, "Mzee wangu, subiri zamu yako."

Sikusubiri. Nilisogea mpaka kwenye kiti cha yule bibi, nikamwomba radhi kwa kumgusa, nikaweka kidole chini ya mbavu zake za kulia na kumwambia avute pumzi.