Aibu ya Kisu Kinachong'aa

Juzi nilikuwa Kakuma, nikaingia kwa kinyozi mmoja kutoka Sudan Kusini. Alikuwa na mikebe miwili ya dawa ya kung'arisha chuma, na kila dawa aliisugua kwanza kati ya vidole.

"Hii inakwaruza, ni ya sufuria," akaniambia. "Hii inateleza, ni ya wembe."

Ile laini akaipaka kwenye mkanda wa ngozi, akanolea wembe wake wa kukunja, akaninyoa bila hata mchubuko.

Nyuma yangu alingoja mzee mfugaji, amevaa mkononi kile kisu cha wafugaji wa huko, cha duara kama bangili, cheusi kwa mafuta ya nyama. Kinyozi kwa ukarimu wake akakiomba, akakisugua kikawa kioo.

Mzee akakigeuzageuza, kanuna.

"Ejok, ni vizuri, lakini umeniharibia jina. Kisu iking'aa hivi, watu watasema sina mbuzi ya kuchinja."

Nilicheka njia nzima hadi Lodwar. Kisha nikaingia jikoni kwangu, nikatazama sufuria zinavyometameta rafuni, nikaelewa kwa nini majirani huja kunisalimu wakiwa wameshakula.