Mifuko ya Santuri Aliyotarizi Mama

Enzi zetu wimbo ulikuwa na uzito. Uliushika kwa mikono miwili, ukaupuliza vumbi, na ukiuangusha sakafuni ulikuwa umekwisha. Hakuna wimbo tena mpaka baba apate mshahara na aende Thika. Wenzangu mliokulia kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, katika mashamba ya kahawa ya Ruiru miaka ile ya hamsini mnajua ninachosema. Wajukuu zangu nikiwaambia hivyo hutazamana, kisha mmoja huniuliza kama nimekunywa dawa.

Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kahawa cha shamba. Alitoka magharibi kutafuta kazi, na Mama akamfuata baadaye na sufuria mbili na jembe. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya moshi, mafuta ya taa na maganda ya kahawa yaliyochacha huko nje. Lakini tulikuwa na kinanda cha santuri, kile cha kuzungusha kwa mkono, ambacho Baba alikinunua kwa mpishi mmoja aliyekuwa akihama, na laini nzima ilituheshimu kwa ajili yake. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, mtu haendi mbali bila pasi ya serikali, kwa hiyo Jumapili alasiri majirani walijaa kwetu kunywa chai ya maziwa na kusikiliza.

Santuri zenyewe zilitoka Thika, kwa Mhindi mmoja aliyeuza baiskeli na vyombo. Siku moja Baba alitupeleka sote. Dirishani kulikuwa na santuri kubwa za Wazungu, zimevaa majalada magumu yenye picha za rangi: mwanamke mwenye gauni jekundu, tarumbeta linalong'aa, bustani ya maua ambayo sijawahi kuiona mahali popote. Mama alisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Zetu zilivaa karatasi ya kaki yenye tundu katikati, ile ile ya kufungia sukari.

"Baba Rebeka," Mama alisema tukingoja basi, "mbona nyimbo zetu zinatembea uchi?"

Baba alicheka mpaka machozi, lakini Mama hakuwa anatania. Kesho yake akaanza kuzivisha. Alichukua mifuko ya unga, ile ya kitambaa, akaifua na kuianika mpaka maandishi yakafifia. Akaikata, akaishona upya, na juu ya kila mmoja akatarizi picha kwa nyuzi alizofumua kwenye sweta kuukuu. Kulikuwa na birika, gunzi la mahindi, mwavuli, jembe, baiskeli, na ndege yangeyange aliyezungushiwa uzi wa samawati. Mifuko sita, santuri sita. Wageni waliishika na kuigeuzageuza kwanza, ndipo wakaomba kusikiliza.

Mama hakujua kusoma, na hakuna aliyejua hilo isipokuwa Baba. Mtu akiomba wimbo, mkono wa Mama ulikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wenyewe. Wanawake wa laini walikuwa wakisema, "Mama Rebeka amesoma, huyo." Yeye aliongeza chai tu, na nadhani maneno hayo yalimfurahisha kuliko kinanda chenyewe.

Mimi nikapelekwa shule. Mwalimu wetu alifundisha herufi kwa fimbo, na niliposhika kusoma nilishika kweli. Nilisoma makopo, nilisoma magunia, nilisoma magazeti yaliyobandikwa ukutani kichwa chini. Jumamosi moja Mama alipokwenda mtoni kufua, nikazitoa santuri zote nikaanza kusoma vibandiko vyake. Nikashtuka. Hakuna picha hata moja iliyofanana na jina la wimbo! Wimbo wa kanisa, ule wa kuwaombea marehemu, Mama alikuwa ameutia kwenye mfuko wa baiskeli, na yangeyange mweupe kama malaika akapewa densi. Nilimhurumia kwa kukosea hivyo. Nikahamisha kila santuri mahali nilipoona panaifaa, wimbo wa kanisa kwa yangeyange, densi kwa baiskeli, nikairudisha mifuko kwenye sanduku. Halafu wenzangu wakaniita kuruka kamba, nikasahau kumwambia.

Kesho yake haikuwa Jumapili ya kufurahi. Mama Wambui, jirani yetu wa mlango wa tatu, alikuwa amemzika mwanawe mchanga siku ya Alhamisi. Aliletwa ameshikwa mkono, akakalishwa kitandani, na wanawake wakakijaza chumba.

"Mama Rebeka," akasema taratibu, "niwekee ile ya kanisa. Hiyo tu."

Mama akachukua mfuko wa baiskeli. Akazungusha mkono wa kinanda, akateremsha sindano. Gitaa likaruka, na mwanamume akaanza kuita watu waje wacheze.

"Uui! Ngai!" mtu akamlilia Mungu.

Mama akainua sindano haraka. Akatazama mfuko, akatazama santuri, akaigeuza.

"Si usome tu hapo katikati," mmoja akamwambia, bila ubaya wowote.

Mama hakusoma. Alisimama ameikumbatia ile santuri kifuani, macho chini, na chumba kizima kikaelewa. Nami ndipo nilipoelewa. Nikasimama nikasema, "Ni mimi. Iko kwa yangeyange." Nilitamani sakafu inimeze. Wimbo ukapigwa, Mama Wambui akalia, wanawake wakalia naye, na Mama akaendelea kulia hata wengine walipokuwa wamemaliza.

Jioni nilijitayarisha kwa fimbo. Badala yake Mama alinikalisha karibu na jiko, akaipanga mifuko mapajani.

"Nani alikwambia hizi ni picha za nyimbo?" akaniuliza.

Birika, akasema, ni siku Baba aliporudi baada ya kufungiwa siku tatu kwa sababu ya pasi. Mwavuli ni usiku niliozaliwa, paa likivuja. Yangeyange ni siku yeye mwenyewe alipocheka kwa mara ya kwanza tangu ahamie Ruiru. Kila santuri aliivisha siku iliyokuja nayo. Alipofika kwenye baiskeli aliunyoosha mfuko kwa kiganja.

"Kabla yako kulikuwa na Yohana. Alishikwa na kifua. Baba yako alimfunga mgongoni akampeleka hospitali Thika kwa baiskeli. Walikwenda wawili. Wiki ile ndiyo Baba yako alileta wimbo huu."

Sikuwa nimewahi kusikia kwamba nilikuwa na kaka. Nililia kwa ajili yake, nikalia zaidi kwa yale niliyomtendea Mama.

Miezi michache baadaye Baba alileta santuri ya saba. Mama akanipa kitambaa na sindano, akasema, "Hii ni yako." Nilijichoma vidole wiki nzima. Nilitarizi mwanamke mwenye kitambaa kichwani, amesimama, amekumbatia duara jeusi kifuani. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yangu ya kuomba msamaha. Mama aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akachukua wembe, akafumua uzi mmoja mmoja, mpaka mwanamke akaisha.

"Hii siku hatuiweki," akasema.

Tangu hapo nimeona mengi. Zilikuja santuri nyembamba zenye majalada ya kumeremeta, tukayapanga sebuleni wageni wayaone, juu yake wanamuziki wamevaa suruali pana kuliko sketi zetu. Kaseti zikaipunguza picha ikatosha kiganjani, sidii zikaitia kwenye plastiki. Sasa mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu huko Juja ananionyesha picha ya wimbo kwenye simu, ndogo kama ukucha. Nilimuuliza wimbo ule ulimjia siku gani.

"Shosh, hizi haziji. Ziko tu."

Anazo maelfu, na akichoka na mmoja anaufuta. Nilimwomba anionyeshe. Akagusa mara moja, ukaenda, kioo kikabaki safi kabisa.

Mfuko wangu ninao, ingawa santuri yake ilivunjika zamani na Mama hayupo. Sikutarizi kitu kingine juu yake. Macho yangu yamechoka, lakini nikipitisha kidole navipata vitundu vyote vya sindano: kichwa, bega, mikono iliyokumbatia. Mama alisema siku ile hatuiweki. Nilimtii katika mengi, lakini hapo sikuweza.