Biashara ya Mama Mkwe Ilivyonipa Mimba

Nacheka sasa kwa sababu Mama mwenyewe anacheka, lakini siku ile, wallahi, ningepata shimo pale Jidda ningejifukia. Mama ninayemsema ni mama mkwe wangu, Bi Zuhura, aliyekulia huku, anayepika mikate ya kumimina na visheti vya kuuza, jikoni kwake. Mimi nimeletwa kwa ndoa kutoka Unguja, na Kiarabu changu ni cha chuoni (yaani dua naijua, kuomba maji ya kunywa siwezi). Mume wangu kazi yake iko Riyadh, kule Suwaidi, huja mwisho wa wiki. Miaka imekwenda, mtoto hatujajaaliwa, na Mama hajaniuliza hata siku moja, hata kwa jicho.

Basi duka moja la mtaa wa Rawdah likaipenda mikate yetu, ila likasema halichukui mpaka biashara iwe na namba ya kodi. Mama akajaribu kwenye simu, mtandao ukagoma, tukaenda ofisi ya kodi. Magoti yanamsumbua, nikamwambia, "Mama, wewe kaa kitako, leo nasema mimi."

Akanitazama. "Utaweza?"

"Nitashindwaje, Mama!" (Kiherehere hicho ndicho kilichoniponza.)

Kufika dirishani, neno la kodi likanitoka kichwani, nikasema si neno, biashara si Kiarabu kitupu? Nikajishika kifua, nikamnyooshea kidole Mama kule nyuma, nikatamka kwa sauti: "Ana... mama... bishara!"

Karani akasimama. "Mashallah! Mabruk!" Bibi mmoja nyuma yangu akanipapasa tumbo, akapiga kigelegele, akamwendea Mama mbio kumpa mkono, huku mimi naletewa kiti, tende na juisi, napitishwa mbele ya wote, nami natabasamu tu, shukran, shukran, najiambia hawa watu wanapenda biashara jamani! Kumbe kwao ana ni mimi, bishara ni habari njema, nami nimetangaza ofisi nzima kwamba naenda kuwa mama.

Nilipogeuka, Mama analia, simu iko sikioni. "Mwanangu, yalla, njoo, mkeo ana mimba!" Nikaisikia sauti ya mume wangu kutoka Riyadh, inauliza kweli Mama, kweli, kweli?

Nikamwendea, nikapiga magoti mbele yake, na watu wote wanatazama. "Mama, mimi nimesema biashara. Biashara tu."

 Halafu akasema kwenye simu, taratibu, "Halas, baba. Nimesikia vibaya mimi, masikio yangu ya kizee." Kosa langu lote akajitwika yeye. Akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, akajikokota mpaka dirishani, akasema maneno mawili matatu, namba ikatoka.

Ndani ya teksi nikamwomba radhi.

"Radhi ya nini?" akasema. "Ile tende ilikuwa tamu?"

"Tamu, Mama."

"Basi." Akanishika mkono, hakuuachia mpaka nyumbani, Sharafiya. Nililia njia nzima, maana nilijua sasa ni kiasi gani alikuwa akitaka mjukuu, na miaka yote hiyo alikuwa ananificha nisiumie.

Nimeapa, ofisini sitosema tena. Nitambebea Mama mkoba, nifunge mdomo wangu. Lakini maboksi ya mikate yetu siku hizi yameandikwa Bishara, jina kalichagua yeye mwenyewe, na wateja wakimuuliza ni habari gani hiyo njema, ananinyooshea kidole mimi, nami nina unga mpaka puani.