Mwezi wa Warusi Juu ya Kitanda cha Fatuma

Chekeni tu, nimekwisha zoea. Redio ilipotangaza kwamba Warusi wamerusha mwezi wao wa chuma mbinguni, mimi, fundi bati wa Mkomani, niliona nimpambie Fatuma, binti wa ndugu yangu, chumba chake. Nilichora nyota za chokaa kwenye boriti. Kisha nikaunda tufe la bati mfano wa huo mwezi, nikalichomea nyaya nne, nikatia punje za mtama ndani ili lilie, nikalining'iniza kwa uzi mweusi juu ya kitanda. Mamake, Bi Zena, alikuwa matangani.

Niliporudi kutoka msikitini nilikuta nyumba imejaa watu. Maalim alikuwa akisoma, macho hayabanduki kwenye tufe.

"Ni nani ataka kuniulia mwanangu?" Bi Zena alilia.

Ilinipasa niseme hapo hapo. Badala yake niliketi, nikaitikia amin kwa sauti kubwa kuliko wote. Maalim alipotaka mtu jasiri wa kwenda kulitupa baharini, nikajitolea. Watu wakaniombea dua.

Nilipofika mlangoni, Fatuma alinishika kanzu.

"Ami, mbona wenda kulitupa? Si ulinitengenezea wewe, ukaniambia nisimwambie mama?"