Mambo ya Kumchelewesha Mama

Kabla sijaona chochote, nilisikia sufuria zikiingizwa moja ndani ya nyingine. Nilikuwa bado nje, mguu mmoja juu ya kizingiti cha saruji, mkoba wa shule begani, na sauti ikanifikia kupitia mlango uliorudishwa nusu: sufuria ndogo ikishuka ndani ya ya wastani, ikikwaruza, ikitulia, kisha zote mbili zikishuka ndani ya kubwa. Kila mtoto wa nyumba za reli pale Makongeni aliijua sauti hiyo. Sufuria za kupikia hukaa kila moja mahali pake. Sufuria zinazobebana ni za safari.

Mama zetu walikuwa wakienda mashambani kidogo. Hilo ndilo neno lililotumika, kidogo. Mama wa nyumba ya mwisho, karibu na bomba la maji, alikwenda kidogo kumsaidia mkwewe kuvuna mahindi, na Krismasi ikaja, ikapita, ikaja tena, mumewe bado akisonga ugali wake mwenyewe huku akiimba nyimbo za kanisani ili asionekane mpweke. Kwa hiyo sisi watoto hatukuuliza mtu anakwenda kwa muda gani. Tulitazama amebeba nini. Akibeba nguo na kikapu, atarudi. Akibeba sufuria ya ugali, basi.

Nikaingia. Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni. Sufuria ya ugali ilikuwa mbele yake, tumboni mwake zimo nyingine zote, na alikuwa akiifunga kwa leso.

"Umerudi," alisema bila kugeuka. "Chai iko kwenye themosi."

"Unaenda wapi?"

"Kwa nyanya yako. Macho yamemwisha kabisa. Juzi ameshika kaa la moto akidhani ni kiazi. Naenda kidogo."

"Na mimi?"

"Wewe una shule. Baba yako yuko."

Aliyasema hayo kama mtu anayesoma tangazo lililoandikwa na mwingine. Baba alikuwa kazini, kwenye karakana ya reli, na yeye ndiye aliyepata pasi iliyokuwa mezani chini ya kikombe. Pasi hizo ziliruhusu familia ya mfanyakazi kupanda treni bila kulipa, lakini kwa siku iliyoandikwa tu. Tuliwahi kuchelewa mara moja, tukaachwa na treni, na baba akaomba pasi nyingine kwa muda mrefu hivi kwamba tulipoipata tulikuwa tumeshasahau tulitaka kwenda kumwona nani.

Nilisimama pale na mkoba wangu na nikaelewa kitu kimoja kwa uwazi wa kutisha. Treni ya Kisumu iliondoka jioni. Mama akiikosa leo, pasi inakufa. Pasi ikifa, itabidi ngoja ngoja nyingine, na katika ngoja ngoja hiyo huenda shangazi mmoja akaona aibu akaenda yeye kumtazama nyanya. Sikuwa na nguvu ya kumzuia mama. Sikuwa na haki hata ya kulia, maana nilikuwa darasa la sita na nilikuwa na wadogo zangu wawili waliokuwa wakicheza nje bila habari. Nilichokuwa nacho ni mambo ya kushangaza.

Hapa lazima nieleze. Mama yangu aliacha shule akiwa bado mdogo, na tangu hapo hakuweza kulipita jambo la ajabu bila kusimama. Ungemwambia kitu asichokijua kuhusu kitu anachokiona kila siku, naye angeweka chini alichoshika, akainamisha kichwa upande, mdomo wazi kidogo. Mimi nilimwokotea mambo hayo kila mahali: kwa mwalimu wetu wa sayansi, kwenye redio ya jirani, kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa nyama. Nilimwambia kwamba nzi huonja chakula kwa miguu, na kwa wiki nzima hakumfukuza nzi bila kumtazama kwanza miguuni. Nilimwambia kwamba mgomba si mti, ni jani juu ya jani tu. Nilipomwambia kwamba mbu anayeuma ni jike peke yake, kwa sababu anahitaji damu ya kutengenezea mayai, jirani yetu aliyeuza sukuma wiki alikuwa pale, mama mmoja wa kutoka Murang'a.

"Ngai!" jirani alisema. "Na mwanamume anakula nini?"

"Anakunywa maji matamu ya maua," nikajibu.

"Basi hata huko ni mama anayetafutia watoto," mama akasema, "na baba yuko baa." Wakacheka hadi jirani akashika ukuta.

Tulikuwa tumeyatia mambo hayo kwenye kanuni za vitendawili. Mama alisema, "Nishangaze," mimi nikauliza. Akishindwa, alitoa mji, kama inavyotakiwa: "Nakupa Bombei." Nami niliupokea mji kwa maneno yake ya desturi, ambayo husemwa kama jambo lililokwisha kutendeka. Bombei nilikwenda, nikakuta watu wamevaa hariri, wakanipa kiti, wakaniuliza habari za mama yangu, nikawaambia yuko Makongeni anachagua mchele. Ndipo nikatoa jibu. Mama alipenda jibu, lakini alipenda zaidi ile safari. Aliifuata kwa macho. Yeye alijua njia moja tu duniani, ile ya reli kati ya Nairobi na Kisumu, na nadhani alishindwa makusudi mara nyingi ili mtu wa nyumba yetu afike kwingine.

Nikaweka mkoba chini. "Mathe," nikaanza.

"Mathe ni wa barabarani. Mimi ni mama yako."

"Mama. Nikushangaze?"

Mikono yake ilisimama juu ya fundo la leso. "Si leo," alisema. Lakini fundo lilibaki nusu.

"Kifaranga ndani ya yai anapumua vipi, na yai limefungwa kila upande?"

Alilitazama dirisha, kisha mimi. "Hapumui. Hana haja."

"Anapumua."

"Nakupa Kampala. Haraka."

Sikufanya haraka. Kampala nilikwenda kwa miguu. Nilipita kila kilima, nikala ndizi kwa kila mwenyeji, nikasalimia ukoo mzima wa mfalme mmoja mmoja. Niliporudi na jibu, kwamba ganda la yai lina vitundu vidogo visivyoonekana ambavyo hewa hupitia, mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kuketi!

Mlango ukasukumwa. Alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuja kumsindikiza mama hadi Kisumu. Alikuwa akingoja nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, na sasa akasimama mlangoni na akala zake za Kariokor, viatu vya matairi, kofia mkononi.

"Shemeji, jua linakwenda."

"Naja, shemeji. Huyu ananieleza habari za yai."

"Yai la nani?"

"Baba mdogo," nikasema upesi, "mende akikatwa kichwa, anakufa kwa nini?"

"Kwa kukatwa kichwa! Swali gani hilo?"

"Hafi. Anaishi siku nyingi bila kichwa. Anakufa kwa kiu, kwa sababu hana mdomo wa kunywea."

"Uongo huo! Nani amekufundisha? Mnalipiwa shule ili mfundishwe hivyo?"

"Si uongo. Mende hapumui kwa pua. Anapumua kwa vitundu vilivyo ubavuni."

"Lete mende," baba mdogo alisema, akaingia ndani kabisa. "Lete mende hapa tumkate."

Katika nyumba za reli mende hatafutwi. Aliinua mwenyewe kona ya zulia la plastiki, na kwa muda mtamu sana mtu mzima yule alikuwa amepiga magoti akiwinda, mama akicheka kwa mkono mdomoni, akisema, "Shemeji, acha, utapasua suruali," na mimi nikitazama jua likipanda ukutani kuelekea kalenda. Likifika kwenye kalenda huwa watu wanaanza kurudi kutoka kazini. Panda, nililiambia. Panda.

Lakini kicheko cha mama kilikatika kabla. Aliifuta mikono yake kwenye sketi, akaenda kumalizia fundo.

"Acha sufuria kubwa," nikasema. Sikuweza kujizuia. "Beba hizo ndogo. Acha kubwa."

"Kwa nyanya yako kuna chungu kimoja kilichopasuka. Watakula kwa nini?"

"Na sisi?"

"Baba yako atanunua nyingine."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Nikaanza kumrushia mambo bila mpangilio, bila kungoja aseme nishangaze. Twiga ana mifupa mingapi shingoni? Saba, mama, sawasawa na panya, sawasawa na wewe! Asali ikikaa miaka mia inakuwaje? Haiozi! Sauti yangu ilikuwa imepanda juu, na nilijisikia mimi mwenyewe kama muuzaji wa Gikomba wakati wa kufunga soko, anayepunguza bei ya bidhaa ambayo hakuna anayeitaka. Mama alifunga furushi la mabegi kwa kamba. Alivaa viatu. Alitia pasi kifuani.

Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega.

"Unanichelewesha," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Najua. Nimekuacha unicheleweshe kwa sababu hata mimi sitaki. Sasa zamu yangu. Nikushangaze?"

Hakuwahi kuniuliza mimi hata siku moja. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nikikutekenya unacheka." Akaweka vidole mbavuni mwangu, kidogo tu, na mwili wangu ukaruka hata katika huzuni ile. "Jitekenye mwenyewe. Haya."

Nikajaribu. Niliweka vidole pale pale alipoviweka yeye. Hakukuwa na kitu.

"Kwa nini?" aliuliza.

Sikujua. Nililisoma jibu miaka mingi baadaye, katika maktaba yenye ukimya mkubwa: ubongo unajua mkono wako uko njiani, hivyo haushtuki. Niliufunga ukurasa nikakaa kitako na jibu langu, na hapakuwa na mtu wa kulipelekea. Siku ile nilitazama tu vidole vyangu.

"Nipe mji, basi," mama alisema.

Ndipo wazo likanijia, wazo la kitoto na la mtu anayezama: nisipotoa mji, hana pa kwenda. Nikafunga mdomo. Mama akangoja. Kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho sijawahi kukisahau, kama kwamba naye alikuwa ameliona wazo hilo, na alikuwa akitazama kama litashika.

"Nipe hata Thika," alisema. "Nipe hata Kariobangi."

Nikang'ata meno.

"Mpe mji tuondoke!" baba mdogo alisema mlangoni, mzigo wa sufuria tayari kichwani mwake, jasho likimtoka. "Mpe mji, mtoto! Treni haingoji vitendawili!"

Na ulimi wangu ukanisaliti. Ulikuwa umezoea. Mtu akidai mji, mji hutolewa, na ulimi ulichukua ule uliokuwa karibu zaidi, ule ulioandikwa kwenye pasi iliyokuwa kifuani mwake.

"Nakupa Kisumu."

Baba mdogo alicheka. Mama hakucheka. Aliinuka polepole, mkono mmoja juu ya goti kama mwanamke mzee, na akaupokea mji wake kwa maneno yanayotakiwa.

"Kisumu nilikwenda," alisema, "nikafika salama. Watu wakaniuliza habari za binti yangu. Nikawaambia anasoma."

Nilikwenda. Nikafika. Alikuwa amesimama mbele yangu, naweza kumgusa, ananukia sabuni na moshi, na tayari alikuwa amekwisha kwenda. Sikuwa nimewahi kuisikia kanuni hiyo kutoka upande huo. Niliposafiri mimi, niliporudi na jibu, mama alikuwa palepale akichagua mchele. Sasa yeye ndiye msafiri, na mimi ndiye wa kubaki na mchele.

Baba mdogo alitangulia na mzigo. Nilisikia akala zake zikikwaruza kokoto, na wadogo zangu wakimkimbilia wakiuliza amewaletea nini. Mama alichukua kikapu. Alinishika shavu, akanielekeza kuhusu unga na mafuta ya taa na kuwaosha watoto miguu kabla ya kulala, mambo ambayo sikuyasikia. Akafika mlangoni.

"Mama, unajua kwamba..."

Alisimama. Mkono wake ulikuwa juu ya kitasa. Aligeuka vilevile kama siku zote, kichwa kimeinama upande, mdomo wazi kidogo, na akangoja.

Nilikuwa nimeianza sentensi bila kujua itaishia wapi. Nikaangaza chumbani nitafute mahali pa kuipeleka. Niliiona taa ya chemni. Niliona kiberiti, ndoo, kopo la chumvi, kiti cha baba. Kila kimoja kilikuwa kile tu nilichokiona, hakikuwa na siri, hakikuwa na kitu chochote chini yake. Huko nje baba mdogo aliita, "Shemeji!"

"Kwamba nini, mwanangu?"

Nikafungua mdomo. Alinipa muda. Alinipa muda zaidi ya ule ambao treni ingempa yeye, akisimama pale na kikapu mkononi, akinitazama midomo, akitaka kushangazwa.

"Haya," alisema hatimaye, taratibu sana.

Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.