Mama Mwadi hutoboa mpira mzima kabla hujaondoka

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, karibu na gati la mitumbwi mjini Kindu, mashariki mwa Kongo, fundi baiskeli Mwadi Tshibola anashika msumari na kuudidimiza kwenye mpira wa ndani wa baiskeli ambao hauna kosa lolote. Upepo unatoka kwa mlio mdogo. Mwenye baiskeli, muuguzi aitwaye Germaine, anajishika kichwa.

“Sasa tengeneza,” Mwadi anamwambia, kisha anaketi kwenye kigoda na kukunja mikono.

Mgeni angedhani mama huyu anajitafutia kazi kwa hila. Mafundi wa namna hiyo wapo, na mwandishi wa makala haya amewahi kuwalipa. Lakini Mwadi, mwenye umri wa miaka 59, hatozi chochote kwa tundu hilo. Ni sharti lake tu: anayekwenda safari ya mbali haondoki hapa mpaka azibe pancha kwa mikono yake mwenyewe, yeye akimtazama. Wafanyabiashara wanaosukuma baiskeli kuelekea Kampene, ng'ambo ya mto, humnung'unikia kila safari, na kila safari hurudi kwake.

Baiskeli ya leo ni ya kukunjwa, magurudumu yake hayafiki hata magotini. Germaine aliichagua kwa sababu ya mto. Akishaikunja huipakata ndani ya mtumbwi, huvuka Lualaba hadi Alunguli, kisha huikunjua na kuendesha kilomita 38 hadi kituo cha afya, kisanduku cha chanjo kikiwa mgongoni. Barafu ya kisanduku hicho haidumu siku nzima, kwa hiyo hana muda wa kupoteza njiani.

Wiki mbili zilizopita alichelewa.

“Kosa lilikuwa yangu,” anasema Mwadi bila kuzungukazunguka. “Nilimukatia viraka vya kinga kubwa. Wakati wa vita tulijua hivi: kiraka kikubwa njo kiraka. Kinga moja ilikuwa inabeba kilo mia mbili.”

Kinga ndilo jina la baiskeli katika mji huu, na “njo” ni “ndiyo”. Kwenye mpira mwembamba wa gurudumu dogo, kiraka kikubwa kiliuzunguka mpaka kikajikunja pembeni. Hapa kwenye meza ya kazi ya Mwadi kilishika vizuri. Kwenye kilomita ya kumi na mbili kikabanduka. Germaine aliziba mara tatu, viraka vikamwishia, akaikokota baiskeli kwa miguu. Alipofika, barafu ilikuwa maji. Chanjo za watoto 41 zilitupwa, na mama zao waliokuwa wametembea tangu alfajiri wakarudi makwao hivyo hivyo.

Habari hiyo ilimnyima Mwadi hamu ya kula. Siku tatu alikata na kujaribu. Viraka vyake vipya vina upana wa kucha ya kidole gumba, kingo zake zimesuguliwa kwenye jiwe mpaka zikawa nyembamba, na vinabandikwa kufuata urefu wa mpira. Kabla ya gundi, mpira hutiwa upepo kidogo ili kiraka kishike umbo lake la duara.

Ndani ya kifuko cha kitenge anapanga viraka kumi, kipande cha msasa, vijiko viwili vya chuma vya kung'olea tairi na pampu fupi. Gundi ndiyo ya mwisho. Anaifungua, anaibonyeza, anainusa, anaifunga, kisha anaifungua tena. Kwenye gundi, Mwadi haamini hata macho yake mwenyewe, na ana sababu.

Mumewe, Tharcisse, alikuwa fundi wa reli. Vita vilipokuja treni zikasimama na mshahara ukakatika, naye akaanza kusukuma baiskeli kwenda Kampene, akipeleka chumvi na kurudi na mchele. Mwadi alibaki nyumbani akiziba mipira ya majirani. Mwaka 2002, mji ukiwa na njaa, nyumba yao ilikuwa na kichupa kimoja tu cha gundi.

“Nikamuambia: iache hapa, kuko kinga tatu za watu zinaningojea. Weye utaomba kole kwa wenzako,” anasimulia; kole ni hiyo gundi. “Akacheka, akaiacha.”

Siku ya pili mpira wake ulitoboka, mbele kidogo ya kijiji kile kile ambako Germaine anapeleka chanjo leo. Mwenzake pekee aliyekuwa na gundi alikuwa ametangulia. Wenzake wengine walikaa naye mpaka waliposikia risasi, wakakimbia na mizigo yao. Tharcisse hakuonekana tena, wala baiskeli yake. Mwadi hawalaumu. Anasema na yeye angekimbia.

Tangu hapo amelea watoto wanne kwa meza hii. Pancha moja ni faranga elfu moja, na siku nzuri humletea pancha saba. Sharti la kutoboa lilianza na mteja wa kwanza baada ya msiba, ili msafiri asimtegemee tena mwenzake njiani, na halijawahi kulegezwa kwa mtu, awe mfanyabiashara au padri.

Germaine amemaliza. Hakung'oa gurudumu, amevuta nje kipande cha mpira chenye tundu tu, kama alivyofundishwa. Anatafuta beseni la maji apime. Mwadi anatikisa kichwa na kuusogeza mpira uliotiwa upepo karibu na mdomo wa Germaine, ili midomo ihisi kama upepo unavuja.

“Barabarani beseni haiko,” anamwambia. “Mudomo njo beseni. Sasa enda, mwanangu.”

Siku hiyo Mwadi anafanya kazi vibaya. Mara mbili anamrudishia mteja pampu isiyo yake.

Saa kumi na moja jioni Germaine anashuka kutoka mtumbwini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mpira una viraka viwili vipya. Watoto wote 41 wamechanjwa, na barafu ilibaki.

“Mama Mwadi, nilikuwa peke yangu pale porini, nikaogopa,” anasema. “Lakini mikono ilikuwa inajua kazi.”

Mwadi anavipapasa viraka kimoja kimoja. Anajifuta macho kwa upindo wa kitenge na wala haoni haya.

Germaine ana ujumbe pia. Wauguzi wawili wa kituo kile wamepata baiskeli za kukunjwa na wanaomba kufundishwa, ila hawawezi kuwaacha wagonjwa ili kuja mjini. Mwadi hajavuka mto huo kwa miaka ishirini na tatu. Anauliza mtumbwi wa kwanza wa Jumatatu unaondoka saa ngapi.

“Ile barabara ninaiogopa, siwezi kudanganya,” anasema. “Lakini nitaenda. Muntu akikwama tena pale, akute karibu muntu mwenye kujua.”